Baiti Nane za Nyuma

Kifaa chochote kinachochomekwa kwenye kompyuta, kiwe kipanya cha mwanafunzi au usukani wa mchezo wa magari, huulizwa swali moja kabla hakijaruhusiwa kufanya lolote: wewe nani? Nacho hujitambulisha kwa adabu zote. Kimetoka kiwanda fulani, nambari yake ya bidhaa ni fulani, ripoti zake zina urefu huu, na kila kipande cha ripoti kina maana hii. Salha Kaniki aliipenda adabu hiyo. Wenzake aliosoma nao walikwenda Dodoma na Nairobi kuunda akili bandia za mabenki. Yeye akarudi Lushoto, akapanga chumba juu ya duka la mbegu, na kazi yake ikawa kuandika programu za kusikiliza vidole.

Vidole hivyo vilikuwa vya watu waliopoteza sauti. Kifaa chao kiliitwa kiganja, kipande cha mpira mweusi chenye umbo la mkono uliolala, kikiwa na bangili ya kuzunguka kifundo na waya mmoja wa kuchomeka kwenye kompyuta ya mezani. Aliyeangushwa na kiharusi aliweka mkono wake juu yake na kubonyeza kidogo tu, na programu ya Salha ikageuza mibonyezo kuwa maneno, ikayaandika kwenye skrini na kuyasoma kwa sauti. Kidole gumba peke yake kilikuwa ndiyo. Kidole cha mwisho peke yake kilikuwa hapana. Maneno mengine yaliandikwa kwa kuchanganya vidole, na aliyezoea aliandika haraka kuliko mtu mwenye simu. Tangu ilipopitishwa Sheria ya Kauli, alichosema mtu kwa kiganja kilikuwa sawa na alichosema kwa mdomo. Watu walishafungishwa ndoa kwa kiganja. Bwana mmoja wa Korogwe alitoa talaka nacho, kisha akataka kusingizia waya, na kadhi akamwambia arudi nyumbani akafungashe.

Asubuhi hiyo Hidaya Shekalaghe alimpigia simu.

"Mdogo wangu, hiki kiganja kipya mlichotuletea kina kiburi. Baba anasema jambo sasa hivi, linatoka sisi tumeshahamia jambo jingine. Jana nimemuuliza kama anasikia baridi, kikajibu marahaba."

Salha alicheka, ingawa kosa lilikuwa lake. "Nipe leo tu, da Hidaya. Nitalishughulikia."

"Afadhali hiki lakini. Kile cha kwanza kilitutia aibu."

Kweli kilitia aibu. Kompyuta ilikidhania kibodi ya kawaida, na maneno ya mzee yakawa yanajichapa popote. Hidaya alikuwa anawaandikia wakwe zake ujumbe wa heshima, na katikati ya salamu pakajichapa: nipelekeni chooni. Baada ya siku ile Salha aliiandika programu upya, ikawa inakishika kifaa peke yake, na hakuna kingine ndani ya kompyuta kilichoweza kukisikiliza.

Alichomeka kiganja cha majaribio, akaiamuru programu imwonyeshe ripoti zikiwa mbichi, namba tupu. Ugonjwa aliuona upesi. Kiganja kipya kilituma ripoti nyingi mno, na programu yake ilikuwa inasoma moja, inachora skrini, ndipo inasoma nyingine. Ripoti zikapanga foleni kama watu wa mgao wa maji. Dawa yake ilikuwa kutenganisha kazi, msomaji asome bila kumsubiri mchoraji, na kabla ya adhuhuri alikuwa amemaliza. Angeweza kuzima pale pale akaenda zake.

Lakini macho yake yalinasa kitu. Kila ripoti ilikuwa na baiti kumi na sita, yaani namba ndogo kumi na sita zilizopangwa mstari. Nane za mbele zilikuwa vidole na kifundo. Nane za nyuma, katika maelezo ambayo kifaa chenyewe kilijitambulisha kwayo, ziliandikwa neno moja: zimehifadhiwa. Kwa lugha ya viwanda neno hilo maana yake ni hayakuhusu, na kwa kawaida ndani yake huwa mna sifuri tupu. Katika kiganja cha zamani zilikuwa sifuri. Katika hiki zilikuwa zinachezacheza.

Salha aliinua kidole gumba chake, akakishusha. Baiti ya nyuma ilipanda kabla ya ile ya mbele. Akakusudia kubonyeza, akajizuia. Ya mbele ilitulia. Ya nyuma ikapanda, ikashuka. Ndipo alipoitazama bangili kifundoni mwake. Ilikuwa inasoma amri ikiwa njiani kwenye mishipa ya fahamu, kabla kidole hakijaipokea, na hata kidole kikikataa kuipokea.

Alifurahi, tusimsingizie. Fundi yeyote angefurahi.

* * *

Mwalimu Shekalaghe alikuwa amemfundisha Salha darasa la tatu, na ingawa kiharusi kilikuwa kimeuvuta mdomo wake upande mmoja na kulififisha jicho moja, Salha bado alijikuta ananyoosha mgongo akiingia sebuleni kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mkono wa mzee ulikuwa umelala juu ya kiganja. "Marahaba," spika ilisema papo hapo, na Hidaya akapiga makofi.

"Hee! Limekuja kwa wakati. Sasa baba tutagombana vizuri."

Salha alikuwa ameacha dirisha dogo wazi pembeni mwa skrini, lenye baiti za mbele juu na za nyuma chini. Alijiambia ni kwa ajili ya kuhakikisha foleni imekwisha. Hidaya, naye akiwa amesimama nyuma ya kiti cha baba yake akimrekebishia blanketi, aliinama karibu na sikio lake.

"Baba, Alhamisi daktari anakuja kuchukua kauli yako. Wamekubali kukupa kile kipandikizi, na sauti wataitengeneza kutoka vile vipindi vyako vya redio ya shule. Utasema kwa sauti yako mwenyewe, baba. Bado tumekubaliana?"

Jambo hilo lilikuwa limeishika nyumba nzima. Madaktari walikuwa wamesema wazi kwamba mkono wa Mwalimu ungefuata njia ya ulimi, na kabla ya mwaka kugeuka kiganja kingekuwa mpira tu mezani. Kipandikizi kingewekwa chini ya fuvu, na hakingehitaji mkono. Upasuaji wenyewe haukuwa mchezo kwa mtu wa umri wake. Lakini asipofanyiwa, angenyamaza kabisa.

Kidole gumba cha Mwalimu kilibonyea. "Ndiyo," spika ikasema.

Salha hakuwa anatazama neno. Alikuwa anatazama dirisha dogo. Kabla ya kidole gumba, huko chini kwenye baiti za nyuma, kidole cha mwisho kilikuwa kimepanda mpaka juu kabisa, kikashuka. Hapana. Kisha ndiyo.

"Rudia, da Hidaya," alisema. "Najaribu mitambo."

"Alhamisi, baba. Unakubali?"

Hapana, ilisema nyuma. "Ndiyo," ilisema spika. Mwalimu alimtazama binti yake kwa jicho lake zima, akiwa ametulia kama kawaida yake, na Hidaya akambusu kipara.

* * *

Salha alizunguka na jambo hilo siku nzima. Hakuna aliyemtuma kutazama kule nyuma. Kila mtu ana maneno anayoyaanza na kuyameza, na kama yangekuwa yanasikika pengine hakuna ndoa hata moja ambayo ingefika Idi. Hilo alilielewa vizuri. Lakini kila alipotaka kulala juu ya wazo hilo alimwona mzee wa watu amelazwa mezani, amenyolewa, anapasuliwa kichwa kwa kumridhisha binti yake, na yeye Salha aliona, akakaa kimya kwa sababu ya ustaarabu. Akiteremshwa kaburini je?

Akakata shauri. Jioni alimkuta Hidaya jikoni anachambua mchicha, akamweleza yote, mpaka namna bangili inavyofanya kazi.

Hidaya aliuacha mchicha. "Unaniambia baba hataki?"

"Nakuambia kilichoonekana."

"Anajilazimisha kwa ajili yangu." Machozi yalikuwa yameshamfika. "Ni mimi, Salha. Mimi ndiye ninayemsumbua kila siku na hiyo sauti. Nimemganda kama kupe."

Hakungoja. Alikwenda sebuleni na mikono yenye maji, akampigia daktari pale pale, akamwambia wasije. Kisha akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake.

"Baba, nisamehe. Tumejua. Salha ameona kwenye mashine kwamba moyoni unasema hapana. Nimeshawakataza, hawaji tena. Usijilazimishe tena kwa ajili yangu."

Salha alikuwa amesimama mlangoni. Alitegemea kuona mzee akishusha pumzi. Badala yake Mwalimu aligeuza uso polepole, akamtazama yeye, na lile jicho lilimrudisha darasa la tatu. Kisha akauvuta mkono wake polepole, akauondoa juu ya kiganja, akaulaza mapajani.

Hakuurudisha. Hakuurudisha usiku ule, wala kesho yake, wala keshokutwa. Alilishwa, aliogeshwa, alipelekwa barazani kuota jua, na kila Hidaya alipomletea kiganja aliyafumba macho. Kiharusi kilikuwa kimemwachia njia moja ya kusema na watu, na sasa hata hiyo alikuwa ameifunga mwenyewe.

* * *

"Labda kimeharibika," Hidaya alisema kwenye simu, sauti imekwisha. "Njoo ukiangalie. Labda ndicho kibovu, Salha."

Salha alikwenda. Naye alikuwa anaomba kiwe kibovu. Mwalimu alikuwa barazani, amevikwa blanketi, amewapa kisogo. Salha alikaa kwenye kompyuta ya sebuleni, akavaa bangili, akaweka mkono wake mwenyewe juu ya kiganja. Kwa miaka mitano ya majaribio vidole vyake vilikuwa vimeshazoea lugha hiyo kama vya mgonjwa yeyote. Kila baiti ilifanya kazi. Hakukuwa na ubovu wa kusingizia.

Hidaya alitoka jikoni na sinia. "Karibu chai, Salha. Kuna na muhogo."

"Ahsante, da Hidaya, nimeshakunywa."

Ulikuwa uongo mtupu. Tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu tumboni. Hidaya, kama mwenye nyumba yeyote aliyelelewa, hakujisumbua hata kusikia. Aliweka kikombe mbele yake, akasogeza sahani ya muhogo, na Salha akasema basi kidogo tu, akanyoosha mkono wa kushoto kuchukua, kwa kuwa wa kulia ulikuwa bado kwenye kiganja.

Ndipo alipoona skrini. Kwenye baiti za nyuma, kidole cha mwisho kilikuwa kimepanda mpaka juu kabisa, kikashuka, na kidole gumba kikafuata.

Aliurudisha muhogo kwenye sahani.

"Da Hidaya, hebu nikaribishe tena."

"Nini?"

"Nikaribishe kitu. Chochote."

Hidaya alimtazama kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. "Karibu... karibu sukari."

Hapana, ndiyo.

"Kingine."

"Karibu kanga yangu hii. Karibu na nyumba, chukua na mbuzi." Alikuwa anataka kucheka na hawezi. "Unafanya nini wewe?"

Hapana, ndiyo. Hapana, ndiyo.

"Sasa niulize kitu kisicho cha kunipa. Niulize kama leo ni Jumatatu."

"Leo ni Jumatatu?"

Kidole gumba peke yake. Ndiyo, safi, bila kitu mbele yake.

Salha alikumbuka. Alikuwa na umri wa miaka tisa, amesimama mbele ya darasa, na Mwalimu Shekalaghe amejifanya mwenye nyumba, ameshika sahani ya hewa. Karibu chakula, mwanangu. Aliyepokea mara ya kwanza aligongwa na rula vidoleni, kidogo tu, akarudia. Ahsante, nimeshiba. Karibu tena, mwanangu. Ahsante, basi kidogo. Watoto arobaini walifundishwa hivyo mpaka vidole vikajua vyenyewe, na aliyewafundisha alikuwa yule pale barazani, na mtu alipotaja kumpa yeye sauti, zawadi kubwa kuliko zote alizowahi kukaribishwa, mkono wake ulikataa kwanza kama mtu mzima aliyelelewa. Fundi wa Ulaya angeshangaa na hesabu hizo. Yeye Salha alipaswa kuzijua bila hata kuwasha kompyuta.

"Kwa hiyo alikuwa anakubali?" Hidaya aliuliza baada ya kuelezwa. Alikuwa ameishika meza.

"Sijui."

"Si umesema ni adabu tu!"

"Inawezekana ni adabu. Inawezekana ni hofu. Zote zinapanda vile vile, da Hidaya. Mimi niliona kidole, nikadhani nimeuona moyo wake."

* * *

Walimrudisha Mwalimu sebuleni. Salha alivuta kigoda, akakaa chini ya kimo cha kiti chake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akamtazama usoni.

"Mwalimu, nimekukosea. Nilitazama mahali ambapo hukuniruhusu, kisha nikakisema nilichokiona, kisha nikawa nimekielewa vibaya. Sina la kujitetea. Naomba utazame hapa."

Aliifungua programu pale alipoandika sehemu ya kusoma kifaa, akayakuza maandishi ili jicho moja lione. Akamwonyesha mstari unaopokea baiti kumi na sita. Akafuta sehemu iliyokuwa inazionyesha nane za nyuma, dirisha dogo likatoweka, kisha akaandika amri ya kuzitupa papo hapo zinapofika, kabla hazijahifadhiwa popote wala kuonekana na yeyote, yeye mwenyewe akiwemo.

"Kuanzia sasa inasikia vidole tu. Unachobonyeza ndicho ulichosema."

Hidaya alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa kanga. Mwalimu aliisoma mistari ile moja moja, kama anasahihisha, na alipomaliza akaunyanyua mkono wake kwa shida, akauweka juu ya kiganja.

"Salha," spika ikasema.

"Naam, Mwalimu."

"Nani alikutuma kusikiliza dirishani?"

"Hakuna, Mwalimu. Nilijituma."

"Nilikuwa nakubali. Na nilikuwa naogopa. Yote nilikuwa nayapika humu, na nilipakua lililoiva. Wewe ukaingia jikoni, ukafunua sufuria."

Salha aliinamisha kichwa. Aibu ilimkamata kisawasawa, na aliiacha imkamate.

Mkono ulipumzika, ukaanza tena. "Nijibu swali. Hicho cha kichwani kinasoma upande upi?"

Hapo Salha alitamani asingekuwa fundi. Jibu alikuwa nalo. Tangu agundue zile baiti alikuwa ameyatafuta maelezo ya kipandikizi pia, kwa kuwa nacho ni kifaa kama vifaa vingine, kikiunganishwa na kompyuta ya mezani huulizwa wewe nani, nacho hujibu. Ripoti yake ilikuwa ya baiti nane tu. Zilikuwa zile za nyuma. Hakikuwa na za mbele, kwa sababu hakikuwa na vidole vya kusubiri.

Aliinua macho akakutana na ya Hidaya juu ya bega la mzee. Hidaya alikuwa ameshaelewa swali linaelekea wapi, na alikuwa anatikisa kichwa taratibu, anamsihi. Neno sijui lilikuwa jepesi kulitamka. Kwa neno hilo Mwalimu angekwenda hospitali, na nyumba hii ingeisikia tena sauti iliyokuwa inatoka redioni asubuhi ikifundisha watoto wa milima yote kusoma. Salha mwenyewe aliitamani sauti hiyo kuliko alivyowahi kukiri.

"Kinasoma za nyuma, Mwalimu. Hakina nyingine."

"Salha!" Hidaya alifoka.

"Unaweza kukizuia?" spika ikauliza.

"Kimefungwa kiwandani. Siwezi kukigusa."

"Kwa hiyo kitasema hapana, kisha ndiyo."

"Kitasema yote mawili, kwa sauti. Na kila unachoanza kutaka kukisema, kabla hujaamua. Wenye kiwanda wanaona ndiyo sifa yake. Wanasema ni haraka."

Mwalimu aliyafumba macho. Safari hii hakuuondoa mkono. Kisha kidole cha shahada kikaanza kutembea tena.

"Mwiteni daktari."

* * *

Kipepeo cha hospitali, chombo chao kidogo cha kuruka, kilitua kwenye uwanja wa mpira wa shule, na watoto wakaachwa watoke madarasani kukitazama. Daktari Lwitiko alipanda mlima kwa miguu, kijana mpole mwenye viatu visivyo vya huku, akawasili anahema. Aliamkia, akakaa, akaeleza upya faida na hatari zote bila kuficha, kama sheria inavyotaka.

"Na kuhusu kusema kabla ya kuamua?" Salha aliuliza.

Daktari alikuna shingo. "Wagonjwa wengi huzoea. Familia pia huzoea." Akamgeukia mzee. "Mwalimu Shekalaghe, nakuuliza mbele ya binti yako. Unaridhia kuwekewa kipandikizi?"

Hidaya alikuwa amemshika baba yake bega, ameling'ang'ania. Usiku uliopita alikuwa amemwambia yote aliyoweza kumwambia: kwamba yeye hajali atakachosikia, matusi, siri, chochote, ilimradi asikie. Mwalimu alikuwa amemsikiliza mpaka mwisho.

Kidole cha mwisho kilibonyea.

"Hapana," spika ikasema.

Daktari alimsogelea. "Mwalimu, mkono huu hautafika mbali. Unajua hilo?"

"Ndiyo."

"Na bado jibu lako ni hilo?"

"Ndiyo."

Daktari alimtazama Salha, akashusha sauti kidogo. "Nimesikia programu yako iliona zaidi. Mara iliyopita familia ilifuta miadi kwa sababu hiyo. Kama chini ya hapana hii kuna ndiyo, ningependa kujua kabla sijapanda kile chombo."

"Angalia, Salha," Hidaya alisema haraka. "Mara hii moja. Wewe si ulisema huwa anakataa kwanza? Pengine anakataa kwanza! Aulizwe tena na wewe utazame."

Ilikuwa mistari michache tu. Salha aliikumbuka herufi kwa herufi, na kwenye kompyuta ile angeirudisha kabla daktari hajafunga mkoba. Vidole vyake vilikuwa vimeshasogea kwenye kibodi. Angejua. Baada ya hapo asingelala akijiuliza kama mzee aliachwa anyamaze kwa ajili ya adabu ambayo hata yeye hakuitaka.

Mwalimu hakumtazama daktari wala binti yake. Alikuwa anamtazama Salha, na hakukuwa na ukali katika jicho lile. Alikuwa anangoja kuona.

Salha aliiondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani.

"Mwulizeni tena kama mnataka," alisema. "Atakachojibu ndicho alichosema."

Daktari aliuliza tena. Spika ikajibu hapana. Basi akasimama, akampa Mwalimu mkono kwa heshima, akamwambia Hidaya kwamba nafasi yao haitafutwa hadi mwisho wa mwaka, akateremka mlima kuelekea kwenye kelele za watoto.

Hidaya alikaa chini sakafuni pale pale alipokuwa amesimama, akalia bila kujificha. "Utaninyamazia, baba," alikuwa anasema. "Utanitazama tu, na mimi nitakuwa sijui kitu."

Mkono wa Mwalimu ulikuwa umechoka. Ulikosea neno, ukalifuta, ukaanza upya.

"Hidaya. Sogea hapa."

Alisogea kwa magoti.

"Mkono bado upo. Kuna mambo nimeyameza tangu ukiwa mdogo. Sikutaka yanitoke tu kama mate. Nataka nikuambie mwenyewe, moja moja."

Hidaya alipangusa uso kwa kanga. Vidole vilipumzika, kisha vikaendelea, polepole sana.

"Uliwahi kuniuliza kwa nini sikuoa tena, nikakufukuza."

Salha alinyanyuka kwenye kigoda. Aliishusha sauti ya spika mpaka ikazima, akaigeuza skrini imwelekee Hidaya peke yake, akatoka barazani na kuufunga mlango nyuma yake.